Harufu Ile Imewekwa Makusudi: Historia ya Moto na Gesi Kwetu Mbulu na Hanang

Kwanza niombe radhi kwa ukimya wa wiki tatu. Tesiti zilifuatana kama mabehewa ya treni, na nikimaliza moja naambiwa prezentesheni ni kesho. Ila leo lazima niandike, maana kilichotokea Jumatano usiku bado hakijanitoka kichwani.

Ilikuwa kama saa nne na nusu hivi. Kupika vyumbani hapa hosteli hakuruhusiwi, hilo linajulikana. Na kwamba watu tunapika, hilo nalo linajulikana. Chumba cha nne kutoka kwetu kuna jamaa ana mtungi mdogo wa kilo 6, anauficha chini ya kitanda, shuka limeshushwa mpaka sakafuni. Mi nilikuwa natoka kwenda kuchota maji, korido giza, nikasikia harufu kama ya kitunguu kilichooza. Nikajua ni choo tu, vyoo vyetu mnavijua. Nikanyoosha mkono niwashe taa ya korido. Mwenzangu wa chumbani, anayesoma Kemia, akanidaka kiganja na kuniambia taratibu, "Usiwashe kitu chochote."

Tukagonga ule mlango mpaka jamaa akaamka. Alikuwa amelala, dirisha limefungwa kwa sababu ya mbu, na koki ya jiko hakuifunga vizuri baada ya kupika wali wake. Tukafungua madirisha yote ya ghorofa, tukafunga mtungi, tukaubeba mpaka nje, watu wakasimama uwanjani na khanga na bukta zao. Hakuna aliyeumia. Hakuna kilicholipuka. Baada ya saa moja watu walishaanza kucheka.

Mi sikucheka. Mwenzangu akaniambia, "Wewe si mwanahistoria? Basi hiyo harufu uliyoisikia ina historia kuliko hao wafalme wako wote. Kaisome." Nikaenda kuisoma. Na kwa kuwa mi ni mtoto wa Mbulu, ilibidi nianzie nyumbani, kwenye moto niliokulia.

Moto wa ndani ya tembe

Sisi Wairaqw, ambao wengi mnatuita Wambulu, wazee wetu walijenga tembe. Nyumba inachimbwa kwenye ubavu wa mlima, paa lake tambarare la miti na udongo, ukiwa mbali unaona kama kilima tu kinaendelea. Wazee wanasema ilikuwa hivyo ili Wamasai wakija kuteka ng'ombe wasiione. Na ng'ombe wenyewe walilala ndani, pamoja na watu. Moto wa kuni uliwaka humo humo kwenye mafiga.

Bibi yangu mzaa baba, aliyeko Kainam, alizaliwa kwenye nyumba ya namna hiyo. Nilipomuuliza ilikuwaje, alisema neno moja tu: "Moshi." Macho yaliwasha, watu walikohoa, kuta zilikuwa nyeusi. Madaktari leo wanatuambia moshi ule unaharibu mapafu hasa ya akina mama na watoto, kwa hiyo sitaki mtu adhani nausifia. Lakini moshi ulikuwa na faida moja ya ajabu. Ulikuwa unakufukuza. Hewa ikichafuka unajua, unatoka nje au unafungua mlango, hakuna haja ya kufundishwa na mwalimu.

Shikeni hilo, maana ndilo jambo lenyewe ninalotaka kusema leo. Historia ya kupika kwetu ni safari ya kutoka kwenye hatari inayoonekana kwenda kwenye hatari isiyoonekana. Kila hatua tulipata jiko safi zaidi, na kila hatua ilitakiwa mtu atufundishe kitu ambacho macho na pua havikuweza tena kutufundisha. Pale mafunzo yalipochelewa, watu waliumia.

Mkaa: gesi ambayo hatuiiti gesi

Hatua ya pili ni mkaa. Ukimuuliza mtu wa Mbulu mjini au Katesh kama nyumbani kwake kuna gesi inayowaka, atakwambia hana, yeye anatumia mkaa. Sasa muulize kama amewahi kuona ule mwali mdogo wa bluu unaochezacheza juu ya makaa mekundu. Ule ndio gesi. Inaitwa kaboni monoksaidi. Mkaa ukiungua bila hewa ya kutosha katikati ya jiko, inatokea hiyo. Ikifika juu ikakutana na hewa huku moto ni mkali, inaungua na kuisha. Moto ukiwa hafifu, haiungui, inasambaa chumbani. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ikiingia kwenye damu inang'ang'ania chembe nyekundu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo mtu anakosa hewa huku anapumua vizuri kabisa.

Ulimwengu ulichelewa kulijua hili. Migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza ilikuwa inalipuka kila mara kwa sababu ya methani, na watu waliamini wachimbaji wanakufa kwa mlipuko wenyewe. Mwaka 1896 daktari mmoja, John Scott Haldane, alichunguza maiti za wachimbaji na kuonyesha kwamba wengi hawakuuawa na mlipuko wala moto, bali na kaboni monoksaidi iliyobaki baada ya moto. Yeye ndiye aliyependekeza wachimbaji washuke na viumbe wadogo kama panya na ndege, kwa sababu wao huzidiwa mapema kuliko binadamu. Ndege wa kwenye tundu alifanya kazi ambayo moshi wa tembe uliifanya bure: kutoa taarifa.

Sasa nikiri kitu ambacho sijawahi kukiandika hapa. Likizo ya Julai mwaka jana nilikuwa Kainam. Julai kule baridi inaingia kwenye mifupa. Siku hizi bibi anakaa nyumba ya bati na tofali aliyojengewa na watoto wake, madirisha ya vioo. Alikuwa na mafua, anatetemeka. Mi, msomi wa chuo kikuu, nikaona nimsaidie. Nikachukua jiko la mkaa lililokuwa limeshaiva, halina moshi hata kidogo, nikaliingiza chumbani kwake, nikaziba kwa gunia uwazi wa chini ya mlango ili joto lisitoke. Nikamwambia, "Bibi, lala salama." Nikaondoka najisifu moyoni.

Usiku wa manane nilisikia kitu kimeanguka. Alikuwa ameamka anatapika, kichwa kinamgonga, akajaribu kusimama miguu ikakataa. Kwa bahati alianguka karibu na mlango na akausukuma. Tukambeba nje kwenye baridi ile ile niliyokuwa namkinga nayo, na ndiyo iliyomponya. Asubuhi, akiwa amekaa juani na chai yake, hakunigombeza sana. Alisema tu, "Mjukuu wangu, moto usio na moshi hulali nao. Ule wa zamani ulikuwa na adabu, ulikuwa unapiga hodi."

Nilimwangalia nikakosa la kujibu. Nimesoma miaka yote hiyo, nimefaulu sayansi ya kidato cha nne, na ningemuua bibi yangu kwa upendo.

Bayogesi: ng'ombe wale wale, gesi nyingine

Hatua ya tatu inanipeleka Hanang, kwa mjomba wangu upande wa Endasak. Yeye ana mtambo wa bayogesi.

Kisayansi kitu hiki ni cha zamani. Mwaka 1776 Mtaliano Alessandro Volta, yule ambaye jina lake liko kwenye volti za umeme, alikoroga tope la Ziwa Maggiore kwa fimbo, akakusanya mapovu yaliyopanda, akayawasha. Ilikuwa methani. Methani inatokea popote vitu vinapooza bila hewa: chini ya tope, ndani ya tumbo la ng'ombe, kwenye shimo la samadi. Wazee wetu walilala na ng'ombe miaka mingi na methani ikitoka humo humo, ila ilikuwa kidogo na ikatawanyika, haikumsumbua mtu.

Kuikusanya ndilo jambo jipya. Huku kwetu kazi hiyo ilifanywa sana na kituo cha CAMARTEC cha Arusha, ambacho kuanzia mwaka 1983 kilishirikiana na Wajerumani kujenga na kueneza mitambo kwa wafugaji. Wakati huo Mbulu na Hanang zote zilikuwa bado mkoa wa Arusha, maana Manyara imezaliwa mwaka 2002. Baadaye, mwaka 2009, ukaja mpango wa taifa wa bayogesi ya majumbani, nao ukahimiza wafugaji wengi zaidi wajenge. Kwa watu wetu wazo lilikuwa rahisi kukubalika. Mwiraqw kuthamini mavi ya ng'ombe hahitaji kufundishwa, samadi imebebwa mpaka shambani tangu enzi na enzi. Unachanganya mavi na maji nusu kwa nusu, unamimina, gesi inapanda juu ya kuba, bomba linaipeleka jikoni, na mabaki yanaenda shambani.

Gesi hii zaidi ya nusu yake ni methani, sehemu kubwa ya iliyobaki ni kaboni dayoksaidi, na kuna haidrojeni salfaidi kidogo inayonuka yai viza. Methani ni nyepesi kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja jikoni inapanda juu. Nyumba yenye uwazi chini ya paa inaitoa yenyewe. Ikifungiwa mpaka ikafika kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa ya chumba, cheche moja inatosha kuilipua.

Lakini hatari kubwa ya mtambo wa mjomba haikuwa moto. Mwaka mmoja tope lilikauka na kuwa gumu ndani ya tangi, gesi ikapungua. Mjomba akafungua mfuniko, akachukua ngazi na koleo, anataka kushuka akakwangue. Fundi akamkatalia kabisa. Akasema shimo likae wazi siku kadhaa kwanza. Siku ilipofika akamwomba shangazi kuku, akamweka kwenye kikapu, akamshusha kwa kamba. Sisi watoto tulicheka sana siku ile. Kuku akapandishwa mzima, analalamika, ndipo mtu akashuka, tena amefungwa kamba kiunoni na watu wawili wameishika juu. Fundi alieleza kwamba hewa ya mle inaweza kukosa oksijeni, mtu wa kwanza akashuka akaanguka, wa pili akamfuata kumwokoa naye akaanguka, wa tatu vile vile. Mashimo ya namna hii yameua familia sehemu nyingi duniani kwa mtindo huo huo, wa kupendana.

Niliposoma habari za Haldane na ndege wake maktaba, nilicheka peke yangu mpaka msimamizi akaniangalia vibaya. Kuku wa Endasak alikuwa mjukuu wa ndege wa migodini.

Mtungi, na shule ya New London

Hatua ya nne ndiyo ya chini ya kitanda hosteli. Gesi ya mtungi ni propani na butani, zinatoka kwenye mafuta ya petroli, zimegandamizwa mpaka zikawa kimiminika. Tofauti yake kubwa na ya mjomba ni hii: hii ni nzito kuliko hewa, propani kama mara moja na nusu, butani kama mara mbili. Ikivuja haipandi. Inashuka sakafuni, inatambaa kama maji, inajikusanya chini ya kitanda, kwenye shimo, kwenye ngazi za kushukia. Dirisha la juu halitoshi kuitoa, lazima mlango ufunguliwe.

Mwenzangu alinipigia hesabu kwenye karatasi ya tesiti. Kilo moja ikivuja inakuwa karibu nusu mita ya ujazo ya gesi. Chumba chetu ni mita za ujazo kama 30. Gesi hii inaanza kulipuka ikifika kama asilimia 2 ya hewa. Yaani kilo moja na kidogo ingetosha chumba kizima, na kwa kuwa inalala chini, hata chini ya hapo ingetosha kuanzia magotini kushuka. Mtungi ulikuwa wa kilo 6.

Sasa ile harufu. Propani na butani zenyewe hazina harufu ya kukutahadharisha. Kile kitunguu kilichooza ni kemikali inayoitwa merkaptani, inawekwa makusudi. Na sababu kubwa ya kuwekwa kwake ni kisa ambacho kila mwalimu angetakiwa akijue.

Mwaka 1937, kijiji cha New London, jimbo la Texas, Marekani. Eneo la visima vya mafuta, shule yao ilikuwa miongoni mwa shule tajiri. Ili kubana matumizi ya kupasha joto majengo, uongozi wa shule uliacha kununua gesi na kuunganisha bomba kwenye gesi ya mabaki ya visima vya mafuta, ambayo ilikuwa inatupwa tu. Gesi hiyo haikuwa na harufu. Ikavuja kwenye uwazi chini ya sakafu. Inasemekana wanafunzi walikuwa wanalalamika kuumwa vichwa. Tarehe 18 Machi, dakika chache kabla ya kengele ya kwenda nyumbani, mwalimu wa ufundi aliwasha mashine ya umeme ya kusugulia mbao. Cheche. Jengo likanyanyuka na kuanguka. Walikufa watu wapatao 300, wengi wao wanafunzi na walimu wao.

Baada ya hapo Texas ikatunga sheria gesi itiwe harufu mbaya, na desturi hiyo ikaenea duniani. Kwa hiyo harufu niliyodhani ni ya choo imelipiwa na watoto wale. Binadamu alirudisha kile ambacho moshi wa tembe ulikuwa nacho. Gesi ikafundishwa kupiga hodi.

Shida ni kwamba hodi inataka mtu anayeijua. Mi niliisikia, na mkono wangu ulikuwa tayari kwenye swichi.

Kwa nini naandika haya sasa

Kwa sababu mtungi unakuja kwetu kwa kasi. Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo mwaka 2034. Kabla ya hapo taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilishatakiwa kuacha kuni na mkaa. Hizo taasisi ni zipi? Nyingi ni shule. Zile jikoni za bweni zenye sufuria kubwa kama pipa na kuta nyeusi, ambazo sote tumekula ugali wake, zinabadilika. Na mi naunga mkono kabisa, nimeona macho ya wapishi wetu yalivyokuwa mekundu, nimeona misitu yetu ilivyoisha.

Ila gesi ikiwa nyingi mahali pamoja haina utani. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2024, pale Embakasi, Nairobi, lori la gesi lililipuka kwenye yadi iliyokuwa katikati ya makazi ya watu. Watu kadhaa walikufa na zaidi ya 200 walijeruhiwa. Mamlaka ya nishati ya Kenya ilisema maombi ya leseni ya eneo lile yalikuwa yamekataliwa mara tatu mwaka 2023. Wataalamu waliijua hatari ile. Mama aliyekuwa amelala nyumba ya jirani hakuijua.

Mwaka huu naenda mazoezi ya kufundisha, na nimeomba nipangiwe Mbulu au Hanang. Somo langu ni Historia, najua mwalimu wa Kemia atasema haya ni yake. Lakini nitaomba dakika kumi za mstarini nieleze mambo machache: jiko la mkaa halilali na mtu chumbani, hata kama halina moshi. Shimo la bayogesi haliingiwi na mtu peke yake, na aliyeanguka humo haokolewi kwa kumrukia. Mtungi unasimama wima, mahali penye hewa, si chini ya kitanda. Ukiunganisha, pakaza povu la sabuni kwenye maungio uone kama linatoa mapovu, usipime kwa kiberiti. Na ukisikia kitunguu kilichooza usiku, usiwashe taa, usizime taa, fungua mlango na madirisha, funga koki, toeni watu nje.

Jana nilimpigia bibi simu. Nilimwamkia, nikamsimulia ya hosteli, mpaka ya shule ya New London. Akanyamaza muda mrefu nikadhani mtandao umekata. Halafu akasema, "Wale watoto, majina yao yameandikwa mahali?" Nikamwambia ndiyo bibi, wamejengewa mnara. Akasema, "Basi vizuri." Kisha akaniuliza kama jiko lake la mkaa, ambalo siku hizi linalala nje barazani, naona litaibiwa.

Nimemwambia liibiwe tu.

Tuko pamoja wadau. Kesho nina tesiti ya saa mbili asubuhi, niombeeni.